Kuhamia Mbeya au Iringa: pima hivi kabla hujafunga mizigo

Ukiuliza watu "Mbeya kuzuri?" utapata jibu haraka. Aliyehamishiwa kule na cheo juu atakwambia kuzuri sana. Aliyefungua duka likafa atakwambia mji umelala. Wote wawili wanakusimulia maisha yao, na hakuna aliyepima ya kwako.

Miji ya ukubwa huu ina tabia moja inayoeleza karibu kila raha na kila karaha yake: kilicho karibu ni rahisi, kinachotoka mbali ni ghali, kwa pesa na kwa muda. Mchele, viazi, maziwa, shule ya mtoto, ofisi ya kata, rafiki wa kukutembelea jioni, hivyo viko karibu. Daktari bingwa wa moyo, mteja mkubwa, vifaa vya kazi adimu, mama yako aliyebaki Tanga, hivyo viko mbali. Swali lako la kwanza basi ni hili: maisha unayoishi sasa yamejaa vya karibu au vya mbali?

Ninawaandikia hasa wanaotoka Dar es Salaam au Dodoma na kufikiria Mbeya au Iringa. Anayetoka kijijini, tuseme Ileje au Kilolo, azisome hatua hizi kwa kugeuza upande mmoja: kwake mji ndio utakaoanza kumuuzia kuni, mboga na maji aliyozoea kuyapata bila kufungua pochi.

Hatua ya 1: Andika matumizi, kisha yatie alama

Chukua daftari. Fungua ujumbe wa miamala kwenye simu yako wa miezi mitatu iliyopita na uandike kila ulicholipia, kwa mafungu makubwa tu: kodi, chakula, usafiri, shule, matibabu, mavazi, kuwatumia ndugu, starehe. Mbele ya kila fungu weka K kama kitu hicho kinapatikana au kuzalishwa Nyanda za Juu Kusini, na M kama lazima kitoke nje.

Kwenye chakula utafurahi. Mbeya inazungukwa na vyakula: mchele wa Kyela na wa Mbarali, ndizi, chai na maziwa ya Rungwe, viazi mviringo vya Umalila na milima ya Uporoto, mahindi, maharage, maparachichi. Iringa inapata nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, viazi na matunda ya Kilolo. Ukinunua kwa debe au gunia msimu wa mavuno, badala ya kununua kwa kilo kwenye genge la jirani, fungu hili linashuka kweli. Lakini uwe na pa kuhifadhi, na uwe na pesa ya mkupuo. Anayelipwa kwa siku ataendelea kununua kwa sado na faida hiyo ataisikia kwa majirani.

Watu wa pwani nao wana vya kwao vya kuhesabu. Nazi inasafiri. Samaki wa baharini anasafiri zaidi. Utakula usipa na mbasa wa Ziwa Nyasa, na wako waliowapenda kuliko changu, ila mezani pako patabadilika.

Kisha kuna vitu vya Kariakoo: simu, vifaa vya umeme, nguo mpya za jumla, vipuri vya gari lisilo la kawaida. Vyote vinapatikana Mwanjelwa au Kabwe, na Iringa vinapatikana Miyomboni, lakini bei imebeba nauli ya mzigo na aina zake ni chache. Kama kazi yako inategemea kifaa ambacho hata Kariakoo kinauzwa na maduka mawili tu, weka M kubwa.

Ukimaliza, jumlisha K peke yake na M peke yake. Kama M inakula zaidi ya nusu ya matumizi yako, unafuu wa maisha unaosimuliwa na wenyeji hautakufikia wote.

Hatua ya 2: Fuata pesa yako inakotoka

Hii ndiyo hatua ya kukalia muda mrefu. Watu wengi wanahama kwa sababu ya kodi nafuu na hewa nzuri, halafu wanarudi kwa sababu ya kipato.

Kama umeajiriwa na unahamishwa na mshahara wako, tatizo lako ni dogo. Jiulize tu la mwenzi wako. Mji wa kati una waajiri wachache kwa kila taaluma. Mbeya ina hospitali ya kanda, vyuo, benki, Mahakama Kuu, viwanda vya vinywaji upande wa Iyunga na cha saruji Songwe; Iringa ina vyuo, usindikaji wa maziwa, ofisi za serikali na utalii wa Hifadhi ya Ruaha, na ukishuka Mafinga kuna mbao za Sao Hill. Mtu mmoja atapata pa kushika. Wawili wenye taaluma za mbalimbali, kwa wakati mmoja, ni bahati. Na ukigombana na mwajiri wako, anayefuata anayehitaji ujuzi huohuo anaweza kuwa Dodoma. Kaa na mwenzi wako mzungumze kwa uwazi kabla ya yote: nani atasubiri, kwa muda gani, na akisubiri atafanya nini.

Kama unafanya biashara, hesabu kwa mwaka mzima, usihesabu kwa miezi mitatu. Nyanda za Juu Kusini zina mapigo ya kilimo. Pesa inaingia mikononi mwa watu mahindi yakishavunwa na mpunga ukishauzwa, kuanzia katikati ya mwaka hadi karibu Septemba. Mabati yanauzwa, pikipiki zinauzwa, harusi zinafungwa. Ikifika Januari, pesa hiyohiyo imeshageuka kuwa ada, mbolea na vibarua wa palizi, na wateja wako wanaanza kusema "nitakuja mwisho wa mwezi". Aliyefungua duka Julai huamini amegundua mgodi; Februari anaanza kutafuta mchawi. Weka akiba ya kodi ya fremu na mishahara ya Januari hadi Machi kabla hujafungua mlango.

Iringa ina pigo jingine juu ya hilo: wanafunzi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha vinaleta maelfu ya vijana wanaopanga vyumba, kula migahawani, kuchapisha kazi zao na kununua vocha. Likizo ndefu ikianza, mitaa kama Kihesa inapungua kelele na mapato kwa pamoja. Mwenye stationeri karibu na chuo ana miezi ya kuvuna na miezi ya kufunga mkanda.

Mbeya ina nguvu ambayo Iringa haina, nayo ni mipaka. Barabara kuu ya Zambia inapita katikati ya jiji kuelekea Tunduma, na pale Uyole inachepuka nyingine kwenda Tukuyu, Kyela na Kasumulu mpakani mwa Malawi. Wafanyabiashara wa Zambia, Malawi na Kongo wanafika kununua. Kama bidhaa yako inaweza kuvuka mpaka (mchele, viazi, nguo, plastiki, vipuri vya malori), soko lako ni kubwa kuliko idadi ya watu wa jiji. Kama unauza huduma kwa wakazi tu, soko lako ni wakazi tu.

Anayefanya kazi kwa mtandao, akilipwa kutoka mbali, ndiye anayefaidi kuliko wote: kipato cha M, matumizi ya K. Apime vitu viwili tu, umeme na intaneti, na avipime ndani ya nyumba atakayoishi, jioni, watu wote wakiwa nyumbani. Kupima katikati ya mji saa nne asubuhi hakumwambii kitu.

Sasa weka namba. Nitatumia za mfano, wewe weka zako. Tuseme Dar es Salaam kaya yako inaingiza 1,500,000 kwa mwezi. Kodi 350,000, usafiri 200,000, chakula 450,000, mengineyo 300,000. Inabaki 200,000. Ukihamia Mbeya kodi inakuwa 200,000, usafiri 70,000, chakula 330,000, mengineyo yaleyale 300,000, nguo nzito na nishati ya ziada 30,000. Ongeza fungu ambalo watu hulisahau: safari za kurudi. Familia ikisafiri mara mbili kwa mwaka kwa jumla ya 1,020,000, hiyo ni 85,000 kila mwezi. Jumla ya matumizi ni 1,015,000.

Ili ubakize 200,000 zilezile, unahitaji kuingiza 1,215,000. Huo ndio mstari wako. Biashara au kazi mpya ikikupa 1,300,000, umepata nafuu hata kama mshahara umepungua. Ikikupa 1,150,000, matumizi yako yameshuka na bado umekuwa maskini zaidi. Mstari huu utazuia mabishano mengi ndani ya nyumba, kwa hiyo uandike na uubandike mahali.

Kuna kitu hesabu hii haikioni: saa. Mtu wa Mbagala au Kibaha anayefanya kazi Posta anajua alfajiri yake inakwenda wapi. Iringa unaweza kurudi nyumbani kula mchana na kuwahi ofisini. Weka thamani ya saa hizo kwa namna yako. Kwangu zina uzito kuliko tofauti ya kodi, lakini mtu ambaye angezitumia kukaa kijiweni asizihesabu.

Hatua ya 3: Chagua mji, maana haifanani

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya na 202,490 katika Manispaa ya Iringa. Dar es Salaam ilikuwa na 5,383,728. Kwa hiyo Mbeya ni zaidi ya mara mbili ya Iringa, na mwenye kusema "miji midogo ya kusini" amechanganya vitu viwili.

Mbeya imelala bondeni kwa urefu, kuanzia Uyole mashariki hadi Iyunga na kuendelea kuelekea Mbalizi magharibi, milima ya Loleza na Mbeya ikiwa upande mmoja. Karibu kila safari inagusa barabara kuu moja, ileile ya malori ya Zambia. Lori likilala njiani, jiji linasimama. Ndiyo maana kazi ya kuipanua kuwa njia nne kutoka Uyole hadi Ifisi, kama kilomita 29, inazungumzwa kila kijiwe. Ukipanga Uyole na kufanya kazi Iyunga, usijidanganye kwamba umekimbia foleni.

Iringa iko juu ya kilima, na barabara kuu inapita chini, Ipogolo, karibu na Ruaha Mdogo. Malori hayaingii katikati. Mji una mzunguko mdogo, unaweza kutembea kwa miguu kutoka stendi ya zamani hadi sokoni hadi Gangilonga, mradi magoti yako yanakubali mwinuko. Ni mji mtulivu, na kwa wengine utulivu huo unageuka kuwa uchovu ikifika mwezi wa tatu. Kijana anayependa kumbi na mechi kubwa, Mbeya ina Uwanja wa Sokoine na timu za Mbeya City na Tanzania Prisons, na siku Simba au Yanga wanakuja utajua kwamba jiji lina watu.

Njombe, Makambako na Mafinga zipo pia kwenye ramani hii. Ni ndogo zaidi, Njombe na Mafinga zina baridi ya kuumiza, na pesa yao ni mbao, chai, parachichi na viazi. Ukiwa na mtaji wa kilimo au misitu, anzia huko. Bila hivyo, sioni kwa nini uziruke Mbeya na Iringa.

Hatua ya 4: Nenda mwezi mbaya

Wageni wengi huja Agosti, kipindi cha Nane Nane, jua linawaka, ardhi kavu, maonyesho yamejaa viwanja vya John Mwakangale. Wanarudi wakisema wamepata pepo. Nenda mara mbili: mwisho wa Juni au Julai, na tena Februari au Machi.

Julai utakutana na baridi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, Iringa kama 1,600, na usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kuna mwenye pumu au maumivu ya viungo nyumbani? Mlete aje alale, ndipo uamue. Angalia nyumba zenyewe: nyingi hazina dari nzuri, madirisha yana nyufa, na bafu liko nje. Kwa upande mwingine, malaria ni kidogo kuliko pwani na kanda ya ziwa, na utalala bila feni. Makoti yapo tele kwenye mitumba, wala usihangaike kununua huko utokako.

Baridi inaleta hatari ambayo wageni hawaijui. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima huweza kutoamka. Ota moto, kisha toa jiko nje kabla ya kulala. Hata kama limebaki majivu yenye makaa machache, litoe. Mwambie na msichana wa kazi, mwambie na mgeni.

Jambo dogo la jikoni: kwa mwinuko huu maji yanachemka yakiwa kama nyuzi 94, hivyo maharage yanachelewa kuiva na gesi inakwisha mapema. Loweka usiku kucha.

Februari na Machi utaona upande wa pili. Mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Udongo wa mitaa mingi ya pembezoni unateleza, bajaji zinakataa kupanda, nguo zinakaa kambani siku mbili. Huo ndio wakati wa kutazama nyumba. Dalali hawezi kukuficha bonde linalopitisha maji mlangoni.

Na upepo wa Iringa, pamoja na vumbi la Septemba na Oktoba mwishoni mwa kiangazi, ni wa kuuzoea tu.

Hatua ya 5: Mtaa kwanza, nyumba baadaye

Mbeya, Forest na Uzunguni ni mitaa iliyopangwa tangu zamani, ina miti na barabara. Bei yake inajua hivyo. Mwanjelwa, Kabwe na Soweto uko katikati ya biashara na kelele zake. Uyole, Isyesye na Iwambi ni pembezoni, viwanja vinapatikana, na nauli unaibeba wewe. Iringa, Gangilonga ndiyo Forest yao. Kihesa na Mkwawa ni za vyuo, Mwangata na Ipogolo ziko kwa anayetaka kuwa karibu na barabara kuu.

Mtaa ukikuvutia, uliza haya, na uwaulize majirani, kamwe usimuulize dalali:

Maji yanatoka siku zipi na saa ngapi? Ukiona kila nyumba ina simtanki juu ya mnara, umeshajibiwa. Kwenye miteremko ya juu msukumo ni mdogo, na nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa.

Daladala ya mwisho inapita saa ngapi? Miji hii inalala mapema. Baada ya saa tatu usiku utategemea bajaji au bodaboda, na bei inajadiliwa gizani.

Usiku kuna kelele gani? Baa, mashine ya kusaga, au mahubiri ya kipaza sauti. Mbeya ina makanisa mengi kuliko utakavyotarajia, na mikesha yake haina huruma kwa anayeamka saa kumi na moja.

Nyumba iko wapi ukilinganisha na barabara kuu? Ajali za malori yaliyokatika breki zimetokea tena na tena kwenye miteremko ya Mbalizi, Iwambi na Inyala. Usipange chumba wala kufungua kibanda chini ya mteremko, kando ya lami, kwa sababu tu pana wateja. Hapo sina mjadala.

Ukishachagua, utadaiwa kodi ya miezi mitatu, sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali atataka ya mwezi mmoja juu yake. Omba mitatu. Wenye nyumba wengi wa Iringa na Mbeya hukubali, hasa vyuo vikiwa vimefungwa, kwa sababu chumba kitupu hakiwalishi. Mkataba uandikwe, luku iwe yako peke yako au mgawanyo wake uandikwe, na nakala moja ijulikane kwa mwenyekiti wa mtaa. Huyu mwenyekiti utamhitaji mara kwa mara kwa barua za utambulisho, kwa hiyo jitambulishe mapema, kwa heshima, siku ambayo huna shida naye.

Kiwanja usinunue mwaka wa kwanza. Utaonyeshwa eneo zuri lenye mandhari ya mlima kwa bei ya kushangaza, nje kidogo ya mipaka ya jiji, na kumbe ni ardhi ya kijiji au shamba la familia yenye warithi wasiokubaliana. Wakati wake ukifika, nunua kilichopimwa, nenda mwenyewe na namba ya kiwanja kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri husika, na uwaulize majirani wa pande zote nne.

Hatua ya 6: Pima umbali wa dharura

Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, hadi Mbeya kama 830. Kwa basi Mbeya ni safari ya siku nzima, na lori likikwama Mlima Kitonga ni siku na sehemu ya usiku. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, jambo lililowapunguzia wafanyabiashara siku moja ya hoteli. Treni ya TAZARA inapita Mbeya, stesheni ikiwa Iyunga. Ni safari ya kufurahia ukiwa huna miadi. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa 2012, umeiokoa Mbeya kwa anayemudu tiketi, ila ukungu wa msimu wa mvua huwaacha abiria ukumbini. Mwenye mkutano wa Jumatatu aruke Jumamosi.

Kwa afya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa saba ya nyanda hizi, kuanzia Iringa hadi Katavi, pamoja na kitengo cha wazazi cha Meta. Kwa uzazi, upasuaji wa kawaida na magonjwa mengi, mkazi wa Mbeya yuko pazuri. Iringa ina hospitali ya rufaa ya mkoa, na zaidi ya hapo kuna safari. Lakini baadhi ya rufaa za moyo na saratani bado zinaishia Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Fanya hivi: andika kila mgonjwa wa kudumu wa nyumbani kwako, daktari anayemwona, na mara ngapi kwa mwaka. Anayeonwa mara moja kwa mwaka, safari yake iingie kwenye ile hesabu ya safari. Anayeonwa kila mwezi na bingwa ambaye hayuko kanda hii, ahirisha kuhama. Hakuna unafuu wa viazi utakaolipia hilo.

Shule zipo za kila bei, na kwa vyuo usihofu. Uhamisho wa mtoto uanzie shule anayotoka na mapema, ukilenga kuanza Januari.

Hatua ya 7: Kujulikana

Hapa namba hazisaidii sana. Dar es Salaam unaweza kuishi miaka bila jirani kujua kazi yako. Mbeya, na zaidi sana Iringa, bosi wako utamkuta anachagua nyanya, mwalimu wa mtoto yuko kwaya moja na shangazi wa mwenye nyumba, na deni ulilokataa kulipa Mlandege linasimuliwa Kihesa. Fundi mzuri atapata kazi mwaka mzima kwa sifa ya mdomo tu. Fundi mwongo anamaliza mji.

Kujulikana kuna gharama za fedha pia: michango ya misiba na harusi. Mtaani kukitokea msiba unakwenda, unakaa, unachangia, wanawake wanapika. Mgeni asiyetokea hasemwi vibaya siku hiyo. Atakuja kusemwa siku yake ikifika, na jamvi likiwa na watu wachache. Weka fungu la michango kwenye daftari, na uone kwamba ndilo bima ya jirani zako.

Lugha ni Kiswahili kila mahali mjini. Hata hivyo "ugonile" kwa mama wa Kinyakyusa anayeuza ndizi au "kamwene" kwa mzee wa Kihehe au Kibena hufungua uso haraka. Shikamoo usiisahau, wazee wa huku wanaisubiri, na kijana anayepita bila kuitoa anaulizwa ni mtoto wa nani.

Anayetoka kwenye ndoa iliyovunjika, au anayeishi kwa namna ambayo majirani watataka kuijadili, auone mji huu kwa macho mawili. Kwa baadhi ya watu wema huu wa kujuana ni mzigo, na si aibu kuchagua jiji kubwa kwa sababu hiyo peke yake.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kuhamisha kabati

Aje mtu mmoja kwanza. Apange chumba na sebule kwa miezi mitatu, godoro, jiko la gesi, sufuria mbili, blanketi zito. Nyumba ya zamani isiachwe, hata kama ni kuipangisha kwa ndugu. Katika miezi hiyo aandike kipato na matumizi halisi kwenye daftari lilelile, safu mpya pembeni ya makadirio. Chakula kikipita makadirio, aangalie ananunua wapi: soko la jumla la asubuhi au duka la kona. Kipato kikiwa chini ya mstari, asiongeze mtaji kwa kukopa. Abadilishe bidhaa au mtaa kwanza.

Kama ni biashara, jaribio liguse angalau Februari. Kama ni kazi ya mshahara, Julai inatosha. Familia ije wakati wa likizo ya shule walau wiki moja, wapike, wafue, waende ibada, watoto wacheze na wa jirani, kisha waulizwe mmoja mmoja. Mtoto wa miaka kumi atakwambia kuhusu baridi ya asubuhi kile ambacho mke au mume ameamua kukumezea.

Mkikubaliana, samani nzito ziuzeni mlikotoka. Vitanda na makabati ya mbao vinatengenezwa huku kwa mbao za Mafinga na Njombe, na nauli ya kusafirisha vya zamani kutoka Dar es Salaam inaweza kununua vipya. Safirisheni vyombo, nguo, vitabu, na jokofu kama bado ni zima, ingawa Julai mtaliona kama kabati jingine tu.